Shangazi na Kichupa Chake

Shangazi aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi, na alasiri nesi akatuuliza kama usafiri wetu uko tayari. Nilidhani kashika faili la mtu mwingine. Mtu katolewa titi zima na tezi kadhaa za kwapani, eti alale kwake usiku huohuo!

Daktari alituliza moyo wangu. Upasuaji wa titi haufungui tumbo wala kifua kwa ndani, akasema, na mgonjwa akizinduka vizuri anakula, anatembea, anaenda chooni mwenyewe. Nyumbani anapumzika zaidi na yuko mbali na vijidudu vya wodini. Kisha akauliza: kutoka kwenu hadi hospitali yenye daktari wa upasuaji, usiku, tena mvua ikinyesha, ni mwendo wa saa ngapi? Nilipomjibu, akakataa tusisafiri. Damu ikivujia chini ya ngozi, mara nyingi ni ndani ya saa 24 za mwanzo. Tutafute pa kulala karibu.

Pa kulala tulipata, ila nani analipia hakuna aliyeuliza. Hospitali inaokoa kitanda, na kitanda hicho hakipotei. Kinahamia kwa ndugu wa mgonjwa, na anayetoka mbali anakilipia mara mbili.

Nesi wa zamu alikuwa mwalimu hasa. Hakunipa karatasi kwanza; aliniambia nikanawe mikono, akaniwekea kiganjani kichupa laini cha plastiki, cha kuvuta majimaji ya kidonda. Mrija wake mwembamba ulikuwa umeshonewa ubavuni mwa shangazi. Fungua kizibo, mimina majimaji kwenye kikombe chenye alama, andika mililita. Halafu kiminye kichupa mpaka kibonyee, ukifunge kikiwa bado kimebonyea, la sivyo hakivuti kitu. Damu ikiganda ndani ya mrija, ushike karibu na ngozi kwa mkono mmoja, wa pili uukamue kuelekea chini. Mara mbili kwa siku. Rangi itaanza nyekundu, itafifia hadi manjano. Ikirudi nyekundu ghafla, kifua kikivimba, au homa ikifika nyuzi 38, piga simu, usingoje kuche.

Nilikuwa narudia hatua hizo mbele yake shangazi alipofumbua jicho moja. "Mbona unamfundisha huyo? Kitu kimening'inia kwangu."

Nesi akacheka, akaanza upya naye.

Usiku shangazi aliniita kutoka chooni kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mkojo ulikuwa wa kijani, kijani kabisa. Nikapiga namba tuliyopewa. Akapokea nesi mwingine, na kabla sijamaliza kueleza akasema ni ile rangi ya buluu aliyochomwa titini ili daktari aione tezi ya kwapani inayopokea kwanza majimaji ya titi. Inatoka na mkojo, itaisha yenyewe. Sekunde chache tu za maelezo, na mchana mzima hazikupatikana.

Safari ya kurudi tuliweka mto kati ya mkanda wa gari na kifua chake, na kila tuta alilitangaza mwenyewe kabla dereva hajaliona. Nyumbani kazi kubwa ikawa ndugu. Walitaka mkono ule usitikisike kabisa, ilhali tulikuwa tumeagizwa autumie taratibu: achane nywele, afumbe na kufumbua ngumi, ila asibebe kizito. Shangazi aliwaamkia kwa kitana mkononi. Mjadala ukaisha.

Kila asubuhi aliwasomea manesi hesabu yake kwenye simu, kwa majivuno kidogo. Waliisubiri ishuke chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Iliposhuka, walikubali tusirudi kote kule kwa ajili ya uzi mmoja. Nesi wa zahanati yetu hakuwahi kutoa mrija wa aina hiyo, basi nilimshikia simu sikioni huku mwenzake akimwelekeza: fungua kizibo mvuto uishe, kata uzi, mwambie avute pumzi na kuishusha, sasa vuta bila kusita.

Ukatoka. Shangazi akautazama, akashangaa ulivyo mrefu, kisha akaniomba simu.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia nesi wa upande wa pili. "Sasa niambie, majibu ya maabara yanatoka lini?"