Rangi nzuri

Siku ya nne leo na maneno mawili hayajaniondoka kichwani: rangi nzuri.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo. Kwanjula ya dada, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ilipita salama, Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, imeisha mara mbili, na mwisho wa mwezi kazini kwetu mnaujua. Lakini nikilaza tu kichwa namwona Mzee wa reli mlangoni pa karakana, mkongojo kwapani, anamtazama Bibi, mashine yangu ya kukereza chuma.

Nilikuwa nimejiandaa. Mzee alijifunza kukereza Nairobi, karakana ya reli, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika 1977. Hapa Walukuba, Jinja, simjui mwingine wa namna yake. Nikapanga nimsimulie nilivyomtoa Bibi kwenye lile banda la kuku, kutu nilivyoilowesha mafuta ya taa, mota ya fezi tatu niliyoibadilisha maana umeme wa nyumbani ni fezi moja. Na gia ya meno 127! Hiyo ndiyo niliyoitegemea. Skrubu ndefu ya Bibi, inayokiendesha kisu wakati wa kukata nyuzi za boliti, ni ya inchi, na boliti ninazoletewa ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, yaani 127 kugawa kwa 5, na 127 haigawanyiki kwa chochote, kwa hiyo bila gia ya meno hayohayo unabaki kukadiria. Niliizungukia Katwe, Kampala, siku mbili. Nani asingetaka kuisimulia?

Hakuuliza. Aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya kitanda cha mashine, taratibu, kuanzia kwenye taya zinazoshika chuma hadi mwisho kabisa. Pale mwishoni kidole kikasimama.

"Hapa ulipiga msasa?"

"Ndiyo, Mzee. Palikuwa na mikwaruzo mingi."

"Mmh." Akafuta kidole kwenye suruali. "Rangi nzuri."

Akanywa chai, akauliza hali ya mama, nikasema hajambo, akapanda boda akaenda.

Mama Rehema haoni tatizo. "Si amekusifu? Kijani kile hata mimi nakipenda." Sawa, lakini bibi harusi hasifiwi viatu! Siku mbili nilikuwa na hasira za kweli, hata majibu nilimtungia.

Jana umeme ulirudi saa tano usiku, usingizi hakuna, nikaenda karakana na tochi. Nikasukuma kichwa cha nyuma, kinachoshikilia ncha ya pili ya chuma, kile kilichokuwa kimekwama kwa kutu enzi zile nikapiga msasa kukizunguka tu. Nikalaza tochi karibu na chuma, mwanga ukapita mshazari. Pale kilipokuwa kimekaa kuna alama ndogondogo kama magamba ya samaki ngege, zimepangana. Si mikwaruzo. Kuna fundi alizikwangua kwa mkono, moja moja, huko Uingereza, ili chuma kilale sawa na mafuta yapate pa kukaa. Karibu na taya zimelika kwa kazi ya miaka, hiyo kawaida, ndiko kigari kinachobeba kisu kinakoshinda. Lakini mwisho wa kitanda zilitakiwa ziwepo bado. Sehemu yote inayopazunguka ni laini kama kioo. Nilipalainisha mwenyewe, Jumamosi nzima, napiga mluzi.

Kumbe Mzee alikuwa anatafuta kitu cha kunisifia, akaiona rangi.

Nikafunga kipande cha chuma, nikawasha. Uzi wa chuma kilichokatwa ukatoka mrefu, umejikunja, moto. Maikromita ikanipa tofauti ya unene ya milimita 0.03 kwa urefu wa sentimita 15. Kwa shafti za mashine za kusaga mahindi, hiyo inatosha na kubaki. Nilicheka peke yangu saa sita usiku, Mama Rehema akagonga ukuta. Kesho nampelekea Mzee kile kipande, nimwombe anifundishe kukwangua. Gia sitaitaja. Labda akiuliza.

Mama hapokei simu tangu asubuhi. Jirani yake Tororo anasema mlango umefungwa kwa nje. Leo ni Jumapili, kanisani hutoka saa sita, na sasa inaelekea saa kumi na moja.