Koleo la Mjumbe

Nyumbani kwetu Manzese, Desemba 9 ilikuwa siku ya televisheni. Pilau linabandikwa mapema, jirani asiye na luninga anakuja na kigoda chake, tunaombea gwaride liishe ili makomando waanze kuvunja matofali. Gwaride lenyewe alilipenda Babu tu. Usiku wa kuamkia tarehe hiyo mwaka 1961 alikuwepo uwanjani, kijana wa miaka 21, taa zilipozimwa na bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani. Taa zilipowaka, ya Tanganyika ilikuwa juu. Hadithi hiyo tulilishwa kila mwaka pamoja na pilau.

Mwaka 2015 gwaride halikuwepo. Kipindupindu kilikuwa kimeishika Dar es Salaam tangu Agosti, na Rais Magufuli, hata mwezi haujaisha tangu aapishwe, akafuta sherehe: siku hiyo watu wafanye usafi. Shilingi bilioni 4 za sherehe zikaenda kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Kijiweni tukasema mwaka huu Mwenge unakimbizwa na greda.

Mimi nilinuna. Nipate mapumziko Jumatano, halafu nishinde na koleo! Babu, yeye, alifurahi kama mtoto siku ya Idi.

"Uhuru na Kazi," akasema. "Ndivyo tulivyoambiwa mwaka ule. Nyie mmeshika nusu ya kwanza tu."

Asubuhi akatoka na suti yake ya kijivu, suruali kaikunja hadi magotini, ndala miguuni. Mjumbe akagawa mafagio ya chelewa na reki. Makoleo mazima yalikuwa matatu, mtaa mzima. Tukaanza na mtaro. Sijui kama umewahi kuzibua mtaro wa uswahilini. Siku zile juu kulikuwa na mifuko ya rambo, chini yake viroba vya pombe kali, kisha ndala za mguu mmoja (pea hupati hata ukifukua mpaka kesho), halafu tope jeusi ambalo harufu yake inakaa kooni siku mbili. Kina mama walituacha mbali, kama kawaida.

Saa nne hivi, mbele ya uzio wetu, koleo la mjumbe likagonga kitu. Akachokora. Bomba la plastiki, limetokea uani kwetu, upande wa choo. Mdomoni limezibwa kwa kitambaa kilichofungwa kamba.

Mkazi wa Dar hahitaji kuelezwa. Mvua kubwa ikishuka usiku, mwenye choo kilichojaa anakitapisha, maji yanabeba, wa bondeni watajijua. Asubuhi kila mtu anaziba pua na kulaani wasio na ustaarabu. Kwa kulaani, Babu hakuwa na mpinzani mtaani.

Mjumbe akageukia pembeni, akajifanya anakung'uta koleo. Mama mmoja wa nyumba za chini, ambaye mwanawe alilazwa kwenye kambi ya kipindupindu Septemba, akaweka fagio lake chini, akasogea.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Walikuwa wameshaamkiana asubuhi ile. Babu alifungua mdomo, marahaba haikutoka.

Akanituma stoo nilete saruji, nusu mfuko iliyobakia tulipojenga baraza. Alikoroga mwenyewe, akashuka mtaroni na suti yake, akaziba. Haikumridhisha, akabomoa, akaziba upya. Hakuna aliyemsaidia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Jioni televisheni ikamwonyesha Rais akiokota taka kule Feri. Rundo letu lilikuwa bado kando ya barabara, na lilikaa hapo hadi wiki iliyofuata, nusu yake ikisharudi mtaroni. Tulikula pilau. Hadithi ya taa za uwanjani haikusimuliwa.

"Gari la kunyonya choo ni shilingi ngapi siku hizi?" Babu akaniuliza.

Nikamtajia.

"Kwa tripu moja?"

Akavuta daftari lake la kodi za wapangaji, akaanza kupiga hesabu.