Gari ya oto ilianza kulia nyiii, nikafuatilia mlio mpaka nikajua unatoka wapi

Gari yangu ni Toyota IST ya 2004, ya oto (inabadilisha gia yenyewe), gia nne, naitumia kila siku hapa Kigoma kutoka Gungu kwenda mjini na mara mojamoja nafika Kasulu. Mwaka jana mwezi wa nane napandisha kutoka stesheni kwenda Mwanga, vioo viko chini, nikasikia kitu kinalia nyiiiii, sauti nyembamba kama mbu wa usiku, nikikanyaga mafuta inapanda nikiachia inashuka. Nikajua ni bodaboda iko nyuma yangu. Nikaiacha ipite, haikupita, nikazima redio nikasimama pembeni, mlio bado upo.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alikaa kwenye usukani, akazunguka nayo kama dakika tano hivi, akarudi akasema gia boksi imekufa hiyo, andaa milioni moja na laki mbili tuagize ya mtumba kutoka Dar. Boneti hakufungua, oili hakupima. Niliumia sana kwa kweli, maana hakuniuliza hata swali moja kwamba huu mlio unakuja muda gani, ukiwa unafanya nini, na mi nilikuwa na majibu yote kichwani.

Nikampigia ba mdogo, yeye amekaa miaka mingi na injini za boti pale Kibirizi. Akaniambia, "Mwanangu, mlio wowote una bwana wake. Kwanza jua unamfuata nani, unafuata injini, unafuata tairi, au unafuata gia. Ukishamjua bwana wake ndo uongee na fundi." Nikamwambia ba mdogo nimekuelewa, ntafanya hivo kesho.

Asubuhi gari ikiwa ya baridi nikaiwasha ipo P (ya kupaki), nikafungua boneti. Kwenye sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta, mlio ulikuwepo kwa mbali sana. Nikamwambia mdogo wangu akanyage mafuta taratibu, mlio ukapanda na resi, akaachia ukashuka. Tukaweka N (gia imeachia), vilevile. Tukaweka D (ya kwenda mbele) amekanyaga breki, ukawa mzito kidogo ila ndo uleule. Hapo tayari kuna kitu, maana gari imesimama, tairi hazizunguki, kwahiyo beringi za tairi na difu nikaanza kuziondoa kwenye mawazo. Ila sikutaka kujidanganya, nikatoka nayo barabara ya Kidahwe sehemu iliyonyooka na haina watu, nikafika 60, nikaweka N sekunde chache tu huku injini inawaka. Mlio ukashuka mpaka ule wa sailensa wakati tairi bado zinazunguka kwa spidi ileile. Nikarudisha D, nikayumbisha usukani kidogo kushoto na kulia, hakuna kilichobadilika, na beringi ya tairi ikiwa mbovu mara nyingi muungurumo unabadilika uzito ukihamia upande wake. Tafadhali usizime injini gari ikiwa kwenye mwendo, breki zinakuwa ngumu na gia boksi inakosa oili, ntaeleza kwanini.

Sasa kitu kinachofuata injini kinaweza kuwa hata altaneta au kompresa ya AC, wengi wanakosea hapa. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaigusisha kwenye altaneta, mpini nikaubana kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Ukifanya hivi unasikia vitu ambavyo hujawahi kuvisikia aisee, altaneta ilikuwa inavuma laini kama feni. Nikahamia kwenye pampu ya maji, kimya. Nikashuka kwenye gia boksi, upande ule inapoungana na injini, mlio ukaingia sikioni mpaka nikatoa kichwa. Kuhakikisha nikalegeza altaneta nikavua mkanda, nikawasha injini kwa nusu dakika tu (kwenye injini hii mkanda huohuo ndo unazungusha pampu ya maji, usiiache iwake muda mrefu). Mkanda umevuliwa na mlio upo palepale.

Ndani ya gia boksi ya oto, pale mbele nyuma ya toku konveta (ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kwa kutumia oili), kuna pampu ya oili. Inazungushwa na konveta, na konveta imefungwa kwenye injini, maana yake injini ikiwaka tu pampu inafanya kazi hata kama gari iko P. Hiyo pampu ndo inayotoa presha ya kushika klachi za ndani na kulainisha kila kitu, ndomana nimesema usizime injini kwenye mwendo, na ndomana nilimkatalia jirani yangu aliyetaka kuifunga kamba aivute mpaka gereji. Gari ya oto ukiivuta tairi zinazozungushwa na injini zikiwa chini, vyuma vya ndani vinazunguka bila pampu kupeleka oili, unaweza kuua gia boksi nzima ndani ya safari moja. Mlio ungekuwepo kwenye D umekanyaga breki halafu unapotea ukiweka N, ningeshuku beringi za ndani ya konveta. Ungekuwa kwenye gia ya kwanza na ya pili tu halafu tatu unatulia, ningeshuku zile gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka ya katikati), kwasababu kwenye gia boksi hizi za gia nne tatu ndo gia ya moja kwa moja, zinazunguka zote pamoja kama kitu kimoja. Wangu ulikuwepo kote, unapanda na resi. Pampu. Na pampu ikilia, kabla hujasema imekufa jiulize kama inapata oili ya kutosha, maana ikivuta hewa inalia hivohivo.

Nikaenda kwenye dipstiki. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana naona watu wengi wanapima oili ya gia boksi kama wanavyopima ya injini, asubuhi, gari imezimwa, na unapata jibu la uongo. Nilitembea nayo kama dakika 20, nikapaki sehemu tambarare, injini inawaka, breki nimekanyaga, nikapitisha gia zote kutoka P mpaka L nikikaa kila moja sekunde mbili tatu, nikarudisha P. Nikachomoa dipstiki nikaifuta na kitambaa kisafi kisichoacha nyuzi, nikairudisha mpaka mwisho, nikachomoa tena nikasoma kwenye alama za HOT (za oili ikiwa ya moto). Oili iligusa ncha tu! Ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa, na juu yake vipovu vidogovidogo kama vya sabuni. Vile vipovu ndo hewa yenyewe. Nikanusa, harufu ya kuungua ilikuwepo kidogo lakini haikuwa ile kali, na haikuwa na rangi kama maziwa, hiyo ingekuwa maji ya redieta yameingia.

Oili imeenda wapi sasa? Nikalala chini ya gari na tochi ya simu. Upande wa kushoto pale shafti ya tairi inapoingia kwenye gia boksi, vumbi letu hili jekundu lilikuwa limeganda nene, limelowa, ukilikwangua na kucha linatoka kama tope. Nikakumbuka miezi mitatu nyuma raba ya CV (inayofunika joint ya shafti) ilichanika upande huohuo nikabadilishiwa kwenye gereji moja, walichomoa shafti, na shafti ikichomolewa oili inamwagika. Nikarudia kichwani siku ile nzima, nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyeongeza oili wala aliyepima. Na wakati wa kuirudisha shafti, sili (raba inayozuia oili isivuje) ikachubuliwa mdomo, ikawa inavuja matone kila siku miezi mitatu yote.

Nikatafuta fundi mwingine, nikamueleza kila nilichopima, akakubali tuanze na sili, chujio la ndani, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi) na oili. Oili ilituchelewesha siku nne, maduka mawili ya mwanzo waliniletea oili yoyote nyekundu wakasema kaka zote ni zilezile. Sio zilezile. Gia boksi hii inataka oili ya Toyota aina ya T-IV, wekundu ni rangi tu, kila kampuni ina namba yake na gari za CVT (oto za mkanda, hazina gia za kuhesabu) ndo kabisa zina oili yake nyingine. Nikaagiza Dar ikaja na basi pamoja na chujio.

Kufungua sampu ndo nilikuwa naogopa kuliko vyote. Chini mule kuna sumaku ndogo, kazi yake ni kukamata unga wa chuma, zilikuwa zimevaa uji mweusi laini kama unga wa penseli. Fundi akausugua kwenye vidole mbele yangu, hakuna chembe, hakuna kipande kinachong'aa. Akasema kaka hii bado nzima. Nilipumua! Chujio lenyewe lilikuwa jeusi na limeshika utando. Bolti za sampu alikaza kwa mkono mdogo akizunguka kwa msalaba, zile hazitaki nguvu, zinakatika. Oili tukamimina kidogokidogo kwenye bomba la dipstiki, tunapima, tunaongeza, maana ikizidi nayo inatoa povu na tatizo linarudi lilelile.

Tulipowasha mlio ulikuwepo, roho ikanidunda, fundi akasema subiri ijae. Nikaanza kupitisha gia, P, R, N, D, narudi, na kama kwenye dakika ya kwanza nikausikia unazidi kuwa mwembamba, mwembamba, mpaka nikawa nasikia injini peke yake. Jumla na ufundi nilitoa laki mbili kasoro kidogo.

Kuna kimoja bado nakiangalia. Zile wiki mbili nilizotembea nayo ikilia sidhani kama klachi zilifurahia, mara chache kutoka pili kwenda tatu inachelewa kushika kama nusu sekunde, hasa ikiwa na mzigo kwenye mlima wa Mwanga. Nimepanga kumwaga oili tena mwezi ujao, kwasababu ukimwaga mara moja haitoki yote, nyingi inabaki kwenye konveta. Na kila usiku natandika boksi jeupe chini ya gari upande wa kushoto. Leo asubuhi nimeliangalia, kavu.