Subira ya Wapathani

Wiki iliyopita nimeambiwa "kuwa na subira" mara ya nne, karani yuleyule, dirisha lilelile, faili la kiwanja changu bado "linatafutwa". Ofisi siitaji, mnazijua. Nikatoka pale nimefura. Usiku nikampigia mdogo wangu yuko Muscat nikamlalamikia weee, akacheka, akasema huku nakaa chumba kimoja na Mpathani mmoja, wale watu wa mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, ukimtajia subira tu anatoa simu anakuonesha picha ya mzee mmoja wa kwao. Akanitumia. Mzee mrefu, pua kama mdomo wa mwewe, nguo za kawaida kabisa. Abdul Ghaffar Khan. Wenyewe wanamwita Bacha Khan, yaani kama kusema mfalme.

Mi kwa kweli nlikuwa namjua Gandhi tu kama wengi wetu. Usiku ule sikulala, nikasoma mpaka adhana.

Huyu bwana kazaliwa 1890 kijiji cha Utmanzai, karibu na Peshawar, kaskazini magharibi mwa India ya Mwingereza, leo Pakistan. Kwao wana ardhi, sio watu wa njaa. Akiwa kijana alipata nafasi ya uofisa kwenye kikosi ambacho vijana wa huko walikuwa wanakililia, akaiacha, kwa sababu alimshuhudia ofisa mwenzao mzawa anatukanwa na Mzungu mbele za watu na hana la kujibu. Akataka kwenda kusoma Uingereza, mama akagoma, basi na yeye akabaki. 1910 akafungua shule kijijini. Waingereza hawakupenda na baadhi ya masheikh wa huko nao hawakupenda, na hapo ndo utajua umegusa penyewe.

1921 akafungua nyingine, wakamkamata, miaka 3. Na kifungo cha kule si cha kukaa. Pingu miguuni, na mbele yako jiwe la kusagia, unasaga nafaka kwa mkono kutwa nzima. Wale waliokulia nyumba yenye jiwe la kusagia wanajua, bibi yangu alikuwa akisaga kibaba kimoja cha mtama analalamika bega siku mbili. Huyu mtoto wa tajiri anasaga kila siku, na anatoka pale hajabadilika msimamo.

Sasa hapa ndo penyewe. Wapathani si watu wapole jamani. Bunduki kule ni kama jembe kwetu, na wana sheria yao ya jadi inaitwa badal, ambayo ndo badala yetu hii hii, neno moja la Kiarabu, ila kwao maana yake kisasi: umeniulia ndugu nakuulia ndugu, hata ipite miaka 40. Sasa mtu anasimama mbele ya watu kama hao 1929 anaanzisha Khudai Khidmatgar, watumishi wa Mungu, na kiapo chenyewe ni hutopiga, hutolipa kisasi, utamsamehe anayekudhulumu, na kila siku utatoa saa 2 kufanya kazi ya jamii. Anawaambia silaha ya Mtume ni sabr, yaani subira hii hii, na haki, polisi wala jeshi haviiwezi. Wakamfuata! Mtu asiyejua kupigana ukimwambia asipigane hujamwambia kitu. Hawa walikuwa wanajua vizuri sana.

Zile saa 2 ndo zimenikaa kichwani. Wanafagia kijiji, wanafundisha kusoma, wanapanga foleni za gwaride bila bunduki wala fimbo. Mwanzo walivaa mashati meupe, yakawa yanachafuka haraka, kuna wawili wakapeleka yao kwa watengeneza ngozi wakayachovya kwenye rangi yao yakatoka mekundu kama tofali, wenzao wakaona yamependeza basi wote wakaiga. Waingereza wakapata kisingizio, eti hawa ni Wakomunisti wa Urusi. Rangi ya ngozi ya mbuzi ile jamani!

Halafu ikaja tarehe 23 Aprili 1930. Bacha Khan kakamatwa, na Peshawar nako viongozi wamekamatwa, watu wakajaa soko la Qissa Khwani. Qissa ni kisa, ni soko la wasimulia visa, zamani wasafiri walikaa pale na chai wanahadithiana. Magari ya deraya yakaingia katikati ya watu, watu wakafa chini ya matairi, kisha risasi. Hawakukimbia. Walioanguka wanaondolewa, wa nyuma wanasogea mbele. Serikali ikakubali vifo vichache, wenyeji wanahesabu mamia. Na kuna askari wa jeshi la Mwingereza, wenyeji wa Garhwal huko milimani kaskazini mwa India, Wahindu, wakaamriwa wapige hao Waislamu wasio na silaha wakakataa, kiongozi wao Chandra Singh Garhwali akapewa kifungo cha maisha. Nikisoma hapo nilisimama nikazunguka chumba.

Baada ya hapo mashati mekundu yakaongezeka mara dufu na zaidi.

Ya siasa ntayapita haraka maana yananikera. Akawa na Gandhi bega kwa bega, 1937 kaka yake Dk. Khan Sahib akaongoza serikali ya jimbo. 1947 India inagawanywa, yeye hataki mgawanyo, wenzake wa Congress, chama cha kina Gandhi, wakaukubali, akamwambia Gandhi mmetutupa kwa mbwa mwitu. Kura ya maoni ikawapa chaguo mbili tu, India au Pakistan, wakaisusia. Mwingereza kaondoka, 1948 Pakistan huru ikamfunga. Agosti mwaka huohuo polisi wakawapiga risasi watu wake mahali panaitwa Babrra, Waislamu kwa Waislamu safari hii. Ukijumlisha jela na vizuizi vya pande zote mbili ni kama theluthi ya maisha yake. Yaani mtu unashinda mkoloni halafu funguo za selo anapewa jirani yako.

Alifariki Januari 1988 Peshawar, akiwa kwenye kizuizi cha nyumbani, akataka azikwe Jalalabad, Afghanistan, ambako vita na Warusi bado vinawaka. Wakasimamisha mapigano ili apite. Maelfu wakavuka mpaka nyuma ya jeneza, viza hakuna aliyeuliza. Na palepale mazishini mabomu yakalipuka yakaua watu. Leo uwanja wa ndege wa Peshawar una jina lake, mdogo wangu anasema yule mwenzake kila akienda likizo anatua hapo.

Mi nlikuwa nadhani subira ni kunyamaza, ndo tulivyofundishwa, na ndo karani anavyotaka. Jana nimewatafuta wenzangu wa viwanja vya mtaa ule, tumefika 11, wote mafaili "yanatafutwa". Mama mmoja yuko huko tangu 2019, ana kila risiti kwenye mfuko wa plastiki. Alhamisi tunaenda pamoja saa moja na nusu asubuhi, hakuna kelele, tunakaa kwenye lile benchi mpaka wafunge, na Ijumaa tunarudi. Mama wa risiti kasema yeye analeta thamosi la chai, mi nimepangiwa vitumbua.