Buluu ya Filta na Buluu ya Alfajiri

Picha niliyoiharibu kwa kuisahihisha ninayo hadi leo. Ni ya ufukwe wenye mawe, robo saa kabla ya jua kuchomoza. Bila filta, kamera ilitaka kuingiza mwanga kwa sekunde 2, kwa ISO 100 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) na f/11 (uwazi wa lenzi). Nikafunga mbele ya lenzi filta nyeusi ya stopu 6, kila stopu ikikata mwanga kwa nusu, yaani inayoupunguza mara 64, na zile sekunde 2 zikawa 128. Maji yaliyokuwa yakigonga mawe yakageuka ukungu uliotulia. Nilipenda nilichokiona kwenye kioo cha kamera, ila rangi: picha nzima ilikuwa imezama katika buluu.

Nyumbani nikafungua programu, nikabofya jiwe lililoonekana kijivu ili mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoamua rangi ipi ihesabiwe nyeupe au kijivu, ijipange yenyewe. Buluu ikatoweka yote. Nilipoirudia picha siku ya pili nikakuta ni ya saa tano mchana chini ya mawingu. Ile baridi ya alfajiri iliyonitoa kitandani haikuwamo tena, na utepe mwembamba wa waridi pale mbingu inapokutana na maji ulikuwa umefifia hadi kuwa rangi ya karatasi kuukuu.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba buluu ile ilikuwa kitu kimoja. Zilikuwa buluu mbili. Moja ni ya filta: kioo cheusi kinatakiwa kupunguza rangi zote kwa kiasi kilekile, lakini vingi havifanyi hivyo. Kimoja huelemea buluu, kingine kahawia, kingine kijani kidogo. Ya pili ni ya anga lenyewe. Kabla ya jua kuchomoza, mwamba huangazwa na mbingu tupu, na mbingu ni ya buluu, kwa hiyo mwamba nao una haki ya kuwa na ubuluu wake. Programu haijui tofauti. Ukiionyesha jiwe na kuiambia hili ni kijivu, itafuta ya filta na ya alfajiri kwa pamoja.

Tangu hapo sifungi filta kabla ya kupiga fremu moja bila filta. Utunzi uleule, tripodi haisogei, mizani ya weupe nimeifunga kwenye Kelvini 5500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), kamwe si otomatiki, kwa sababu otomatiki hubadilisha mawazo kati ya fremu na fremu na hapo huna cha kulinganisha. Fokasi naiweka wakati huohuo na kuizima isijibadilishe, maana nyuma ya filta ya stopu 10 kamera mara nyingi haioni kitu. Kisha filta, kisha picha ndefu, kisha natoa filta na kupiga fremu nyingine. Hiyo ya mwisho watu huiruka. Alfajiri, dakika mbili ni nyingi. Mwanga wa mwanzo na wa mwisho si mmoja, na picha ndefu imebeba yote miwili.

Kwenye kompyuta naziweka fremu ubavu kwa ubavu, natazama jiwe lilelile katika kila moja, na kuisogeza ile ndefu hadi ikae katikati ya hizo mbili. Slaida ziko mbili na zote zina kazi: ya Kelvini huvuta kati ya buluu na njano, ya pili huvuta kati ya kijani na majenta, ile waridi ya zambarau. Wengi huishia kwenye ya kwanza, halafu wanashangaa kwa nini povu bado lina sura ya ugonjwa. Nikishalingana na fremu zangu nasimama. Kinachobaki ni cha alfajiri.

Niliwahi kujaribu njia ya mkato: kupima filta mara moja tu kwa kadi ya kijivu, kuandika tofauti kwenye daftari na kuitumia kila mahali. Haikunifaa. Kelvini 500 ukizihamisha karibu na 3500 ni badiliko kubwa linaloonekana wazi. Ukizihamisha karibu na 9000 jicho halioni sana. Namba ya mchana wa jua haiwezi kutumika alfajiri.

Kuna utando mwingine wa rangi ambao hakuna slaida inayouondoa, na huo ulinisumbua kwa miezi. Katika picha za filta yangu ya zamani ya stopu 10, begi langu la kitambaa cheusi lilitoka wekundu wa kahawia, kama udongo uliolowa, wakati mawe kando yake yalikuwa sawa. Nikirekebisha begi, mawe yanageuka kijani. Chanzo kilikuwa miale ya infraredi, mwanga ambao jicho halioni. Kamera ina kioo mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya miale hiyo, si yote. Filta yangu ilikuwa ikipunguza mwanga unaoonekana mara elfu moja na kuiachia infraredi ipite, kwa hiyo kile kidogo kilichokuwa hakionekani siku zote kikapata nafasi ya kupaka picha. Vitambaa vingi vyeusi na majani mabichi huirudisha kwa wingi, mawe hayakuionyesha, na ndiyo sababu utando haukuenea sawasawa. Dawa yake ni filta inayozuia infraredi pia. Kwa picha zilizokwisha kupigwa, nilipaka kinyago cha programu, yaani alama ya eneo la kurekebishwa, juu ya begi peke yake na kupunguza ukolezi wa nyekundu hapo tu.

Ile picha ya ufukwe niliirudia mwezi uliopita. Faili ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoinasa kabla ya kusahihishwa, ilikuwa bado ipo, na kando yake fremu ya sekunde 2 niliyoipiga siku ile kwa ajili ya kupima mwanga tu. Ni moja, si mbili, lakini ilitosha. Ubuluu wa filta ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani: kutoka 5500 hadi kama 6200, na kuvuta kidogo upande wa majenta. Mawe yamebaki na buluu hafifu upande usiotazama mashariki. Povu lina buluu pia. Na utepe wa waridi umerudi, kuanzia kona ya kushoto hadi nyuma ya mwamba mrefu zaidi.