Picha za uyoga Pemba: flashi zima, simu igeuze juu chini

Nilipoanza kupiga picha za uyoga hapa Pemba, kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: nunua kamera. Mpiga picha mmoja wa harusi akaongeza lake, eti msituni giza, lazima uwashe flashi. Ushauri ule ulinipotezea sehemu kubwa ya masika, na mpaka leo ukinijia naudhika. Picha ninazojivunia zote nimezipiga kwa simu ya kawaida, flashi imezimwa.

Flashi inaupiga uyoga usoni. Kofia inakuwa jeupe tupu, chini panabaki weusi, na uzuri wenyewe uko huko chini: ile mikunjo myembamba iliyosimama kama kurasa za kitabu, inayotoa chembe za kuzalia. Picha isiyoonyesha mikunjo haimsaidii hata mtaalamu kuutambua uyoga.

Nilichofanya mimi nilichana pakiti ya maziwa ya unga, nikaiosha, nikaikunjua upande wa ndani unaong'aa. Naitandika chini ya kofia, nje kidogo ya picha, naisogeza polepole mpaka naona mwanga umepanda kwenye mikunjo. Halafu simu naigeuza juu chini. Hili hakuna aliyeniambia! Lenzi ikiwa juu, unaupiga uyoga utosini. Ukiigeuza, lenzi inagusa ardhi na unautazama uyoga kutoka chini, kwa kimo chake. Naiegemeza kwenye kifuko cha mchanga, naugusa uyoga kwenye kioo, nashusha mwanga kidogo kwa kidole, naweka taima, natoa mkono. Jua likipenya majani, natandaza kitambaa cheupe juu. Ile lenzi ndogo ya kubana kwenye simu niliinunua baadaye, haikufika hata 20,000, na wala si lazima.

Siku moja nimelala kifudifudi chini ya mikarafuu, akapita bibi mmoja na mzigo wa kuni.

"Mwanangu, umeanguka?"

"Shikamoo bibi. Sijaanguka, napiga picha uyoga."

"Marahaba. Huo haulwi huo. Nenda kwenye gogo la mwembe kule bondeni, umejaa tele."

Nilikwenda, na gogo zima limeota vile vidogo vya kijivu vyenye manyoya juu, ambavyo wataalamu wanaviita Schizophyllum commune. Tangu siku hiyo nawauliza wanaookota kuni kabla ya mtu mwengine yeyote.

Uyoga ule kila mkunjo wake umepasuka katikati kwa urefu. Ukikauka, nusu mbili zinajikunja na kujifunga. Ukirowa zinafunguka tena. Nilichukua kijiti kikavu nilichokikuta na uyoga wake, nikakiweka sahanini nyumbani, nikakidondoshea maji, nikawa napiga picha kila baada ya muda. Baada ya saa chache mikunjo imefunguka, rangi imekuwa kijivu yenye uwaridi kwa mbali. Sijapata picha niipendayo kuliko zile.

Kwa ule mwembamba wa kwenye kinyesi cha ng'ombe, sali alfajiri utoke. Ukingoja adhuhuri unakuta umeshajiyeyusha, umebaki wino mweusi.

Jambo jengine linalofaa kupigwa picha ni chembe zenyewe. Kata kofia, ilaze mikunjo chini kwenye karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, funika kwa bakuli mpaka asubuhi. Nusu mbili kwa sababu chembe nyeupe hazionekani juu ya karatasi nyeupe. Uyoga mkubwa mweupe wa nyasini, Chlorophyllum molybdites, unaacha alama ya kijani, na huo unatapisha vibaya sana ingawa kwa sura unafanana na ya kuliwa. Ndiyo maana anayeniletea picha na kuniuliza kama uyoga wake unalika simjibu hata akikasirika.

Anayetaka msitu wenyewe aende Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, kwa njia ya Konde. Lipa kiingilio, na mwambie mapema anayekutembeza kwamba utakaa sana kwenye gogo moja, kwani wamezoea wageni wa kupita haraka kutafuta popo. Vaa mikono mirefu. Mbu wa pale baada ya mvua hawakupi nafasi ya kungoja taima.