Hita ya kiti inayopasha mgongo peke yake: nilivyoitafuta hitilafu kwenye gari la spoti hapa Tanga

Kiti cha dereva kilikuwa na malalamiko mawili. Swichi ikiwekwa HI (joto la juu), mgongo unapata moto lakini sehemu ya kukalia inabaki baridi. Ikiwekwa LO (joto la chini), hakuna kinachopata moto, ingawa taa ya swichi inawaka vizuri. Kiti cha abiria kizima. Gari ni la spoti la Kijapani, milango miwili, viti vya ngozi vinavyosogezwa kwa umeme, na mwenyewe hulipandisha Lushoto mara kwa mara. Ukishaiacha Mombo na kuanza kukwea zile kona za kilometa thelathini na kitu, mwezi wa sita na wa saba baridi ya Usambara haina mchezo. Mtu wa Ngamiani, hapa mjini, anaweza kuiona hita ya kiti ni pambo. Kwa anayefika mlimani usiku ni kitu cha kutumia.

Malalamiko hayo mawili ukiyaweka pamoja yanamaliza nusu ya kazi kabla hujashika spana. Kiti cha aina hii kina mikeka miwili ya waya wa joto, mmoja wa kukalia na mmoja wa mgongo. Katika mifumo mingi ya zamani isiyo na kompyuta ya kiti, swichi ikiwa HI kila mkeka unapata umeme wake moja kwa moja. Ikiwa LO, umeme unapita mkeka mmoja kwanza ndipo uingie wa pili. Chukua mikeka yenye omu 3 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kila mmoja na betri ya volti 12. Kwenye HI kila mkeka unavuta ampea 4, jumla 8, karibu wati 96. Kwenye LO omu zinajumlika kuwa 6, zinapita ampea 2 tu, wati 24. Sasa mkeka mmoja ukikatika, HI itaendelea kupasha ule mzima, lakini LO itakufa kabisa kwa sababu njia ni moja na imekatika. Ndivyo hasa kiti hiki kilivyokuwa kikifanya. Fyuzi ingekuwa imeungua, pasingekuwa na joto popote. Swichi ingekuwa mbovu upande wa LO, HI ingepasha kote. Kwa hiyo nilianza nikijua kwamba natafuta mkato kwenye mkeka wa kukalia au kwenye waya zake.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha kiti kimepoa. Hili kwa Tanga ni la lazima, na mafundi wengi hawalizingatii. Ndani ya mikeka kuna kidhibiti joto: ama kisahani cha metali mbili kinachofungua njia kiti kikipata joto, ama thamista inayoiambia kompyuta ya kiti kwamba joto limetosha. Gari lililoegeshwa juani Raskazone saa saba mchana, ngozi yake inaweza kuwa na joto kuliko kile ambacho hita yenyewe inakusudia kufikisha. Ukibonyeza swichi hapo, kidhibiti kinakata umeme papo hapo, na wewe unaandika kwamba hita imekufa. Kwenye kiti chenye kisahani, hata mita itakuonyesha mkato ambao haupo. Mimi hupima asubuhi mapema, au naliacha gari kivulini milango wazi mpaka ngozi ipoe mkononi.

Fyuzi niliipima kwa mita kwenye vichwa vyake viwili, ikiwa mahali pake na switi (ya ufunguo wa gari) imewashwa. Sikuiangalia kwa macho, maana fyuzi yenye ufa mwembamba huonekana nzima. Ilikuwa na volti pande zote mbili. Na kama ingekuwa imeungua, ningeweka ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha boksi ya fyuzi. Kuweka kubwa zaidi kwenye kitu kinachotoa moto chini ya makalio ya mtu ni hatari ya kweli, kwa sababu waya wa mkeka ukigusa chuma cha kiti hakuna tena cha kuukata umeme mapema.

Hatua ya pili ilikuwa soketi iliyo chini ya kiti. Injini ikiwa inaunguruma na swichi iko HI, nilichomeka ncha nyembamba za mita kwa nyuma ya soketi bila kuichomoa, moja upande wa chanya na nyingine upande wa ethi (waya unaourudisha umeme kwenye bodi). Kwenye betri palikuwa na volti 14.0, hapa nikapata 12.7, na ulikuwa ukifanya kazi mkeka mmoja tu. Volti 1.3 kupotea njiani kwa ampea 4 ni nyingi. Nililiandika hilo pembeni, maana lilikuwa tatizo la pili lililojificha nyuma ya lile la kwanza.

Kisha nikazima switi, nikachomoa soketi ya hita na kupima omu upande wa kiti. Mkeka wa mgongo ulisoma 3.1. Wa kukalia haukusoma kitu. Nilimwomba mwenye gari akae, asogeesogee, aegemee kushoto na kulia huku ncha zikiwa zimeshikiliwa, mita haikutikisika. Ingekuwa inaruka, ningeshuku waya uliolegea karibu na soketi. Kimya kile kilisema kazi iko ndani ya sponji, na hapo tu ndipo nilipokubali kiti kitoke. Sipendi kuifungua ngozi ambayo mita haijanielekeza kuifungua.

Kutoa kiti cha gari kama hili kuna mpangilio wake. Kiti cha umeme kisogeze kwanza nyuma kabisa ufungue bolti za mbele, kisha mbele kabisa ufungue za nyuma, na baada ya hapo kirudishe katikati. Yote hayo yafanywe betri ikiwa bado imeunganishwa. Ukiitoa mapema, kiti hakisogei na bolti mbili zimebaki zimefunikwa. Shusha vioo vya milango pia. Magari mengi ya milango miwili yana vioo visivyo na fremu, na kioo hushuka kidogo chenyewe mlango unapofunguliwa. Betri ikitolewa hakishuki, na ukiubamiza mlango kinagonga mpira wa juu au kinapasuka. Zima switi, toa terminali hasi, subiri. Vitabu vya watengenezaji vinataja dakika chache. Mimi nasubiri 10, kwa sababu plagi ya njano iliyo chini ya kiti ni ya eabagi ya ubavuni na umeme uliohifadhiwa unahitaji muda wa kuisha. Plagi hiyo usiichomeke mita kamwe, wala usiwashe switi ikiwa imechomolewa, la sivyo taa ya eabagi itawaka na itahitaji mashine ya kuifuta.

Kiti cha ngozi chenye mota ni kizito na reli zake zina ncha kali. Tandika blanketi kizingitini na muwe wawili.

Kava ya sehemu ya kukalia imeshikwa chini kwa klipu za plastiki na kwa pete ndogo za waya zinazoingia kwenye mifereji ya sponji. Pete zikate kwa plaizi ya kukatia, uziokote zote. Moja ikibaki ndani itakuja kuutoboa mkeka mpya. Nilikunja ngozi kutoka mbele kwenda nyuma, na mkato ukaonekana wenyewe: kwenye ubavu wa kiti ulio upande wa mlango, pale waya wa joto unapovuka mfereji kutoka katikati kwenda pembeni. Sponji ilikuwa na doa la kahawia, ukubwa wa ukucha, na nyuzi za waya zilikuwa zimeisha ncha nyeusi.

Sababu ya kukatika hapo ni umbile la gari. Liko chini, viti vina mbavu zilizoinuka, na anayeingia hukalia ubavu kwanza ndipo ateleze ndani. Uzito wote unashukia mfereji ule kila anapoingia na kutoka. Nyuzi za waya hukatika moja baada ya nyingine. Zinazobaki hubeba umeme uleule kwenye njia iliyosinyaa, zinapata moto kupita kiasi, na mwisho hukatika zenyewe. Ndiyo maana sikuunga. Doa la kuungua linaonyesha kwamba nyuzi za jirani nazo zimechoka, na ukiunga kwa solda, risasi hupanda ndani ya waya na kuufanya mkavu, ukatike tena sentimeta moja mbele. Kuunga nakubali mahali pamoja tu: kwenye waya wa kawaida unaotoka nje ya mkeka kwenda soketi, tena kwa kubana kwa lagi (kichwa cha chuma cha kubania waya) na kuufunika kwa mpira unaonywea kwa joto.

Mkeka wa kuweka badala yake uwe na omu zilezile. Nasisitiza, kwa sababu mikeka ya kubandika ya kila gari inauzwa kwa wingi na inavutia kwa bei. Ukiweka wa omu 6 pamoja na wa mgongo wa omu 3, kwenye HI wa kukalia utatoa nusu ya joto la mgongo, na kwenye LO mambo yatageuka: ule wa omu nyingi ndio utakaochukua sehemu kubwa ya volti na kutoa joto maradufu ya mwenzake. Mteja atarudi akisema kiti kimechanganyikiwa. Mikeka hiyo ifungwe yote miwili pamoja na swichi yake, rilei yake na fyuzi yake, au isifungwe kabisa. Na mkeka wa waya haukatwi kwa mkasi ili utoshe.

Mimi nilipata wa kiti kilichotumika cha toleo lilelile, kutoka kwenye nusu gari, yaani gari lililokatwa kuuzwa spea. Nilipima kabla ya kulipa: omu 3.0. Nikautandaza juu ya ubao, nikaulisha volti 12 za betri kupitia fyuzi ya ampea 5 kwa dakika mbili, nikipitisha kiganja polepole juu yake. Unatafuta ukanda baridi au nukta inayochoma. Vyote viwili ni sababu ya kuurudisha dukani. Usiuwashe ukiwa umekunjwa hata kidogo.

Wa zamani ulikuwa umegandishwa kwa gundi. Niliutenganisha kwa wembe mwembamba ili sponji isichanike, nikajaza sehemu iliyoungua kwa kipande cha sponji ngumu, nikautandika mpya bila kunjo. Pale unapovuka mfereji niliuacha ulegee kidogo, usivutwe na pete. Kabla ya kurudisha ngozi nilipima tena omu huku nikibonyeza sponji kwa goti kila upande. Ikabaki 3.0. Kosa likijitokeza ngozi imesharudi, unaanza kazi upya.

Kiti kiliporudi na plagi zote kuchomekwa, HI na LO zikafanya kazi. Ila nilikuwa na ile volti 1.3 niliyoiandika pembeni. Mikeka miwili ikiwa inavuta, upotevu uliongezeka kama nilivyotarajia: soketini palibaki volti 11.6, yaani 2.4 zilikuwa zinaishia njiani. Niliweka ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi na nyingine kwenye hasi ya betri: 1.9. Kwa ampea karibu 7.6, hizo ni kama wati 15 zinazotoka kwenye kiungo kimoja, joto la pasi ndogo ya solda iliyofichwa chini ya kapeti.

Nilifungua plastiki ya kizingiti na kuinua kapeti. Chini yake palikuwa na unyevu, na bolti ya ethi imevaa ukungu wa kijani. Kwa magari ya pwani hii ndiyo hali ninayoikuta zaidi: hewa ya chumvi inaleta kutu, na maji ya AC yanarudi ndani kwa sababu mpira wa kuyatoa umeziba. Nilikata waya ulioliwa mpaka nikafikia shaba inayong'aa, nikabana lagi mpya, nikasugua bodi kwa msasa mpaka chuma cheupe kionekane, nikakaza, kisha nikapaka grisi juu baada ya kukaza. Pini za soketi nilizisafisha kwa spreyi ya kontakti. Mpira wa AC niliuzibua kwa hewa, na kapeti ikaanikwa mpaka sponji ya chini ikauka kabisa. Kipimo cha ethi kikashuka chini ya volti 0.1.

Jaribio la mwisho lilifanywa asubuhi, mtu akiwa amekaa, dakika 10 kwenye HI, kisha uso wa ngozi ukapimwa kwa kipimajoto cha miale sehemu mbalimbali. Ninachotaka ni joto lililosambaa, kati ya nyuzi 35 na 45, na linalokatwa lenyewe. Nukta inayopita 50 inamaanisha mkeka umekunjwa au kidhibiti hakikati, na kiti hakitoki gereji. Kwa mwenye ganzi miguuni, kama baadhi ya wenye kisukari, nashauri LO tu na kwa muda mfupi, kwa kuwa ngozi inaweza kuungua taratibu bila yeye kusikia. Bolti za kiti nilizikaza kwa spana ya kipimo kwa namba ya kitabu cha gari, na vioo nikavifundisha upya kwa kushikilia swichi ya kupandisha hadi mwisho, ili vishuke tena mlango unapofunguliwa.